Hesabu za Entebbe na Kopo la Mchele

Mwaka 1962 walimu wa Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu, wakatunga vitabu vya hesabu mpya. Mtoto alianza na makundi ya vitu, yaani seti, ndipo namba. Katika Kenya hesabu za namna hiyo ziliondolewa shuleni mwaka 1981.

Twadhani kosa lilikuwa mahali pa kuanzia. Huko Liberia, Gay na Cole, ambao kitabu chao kilitoka 1967, waliwaonyesha Wakpelle bakuli la mchele, wakisie lina makopo mangapi. Wakulima wasiosoma walikaribia kweli. Wamarekani wasomi walikosea mno. Nasi hapa Nyarero, mtoto atambuaye kwa jicho ng'ombe mmoja aliyepungua zizini, twamwandika hajui kutoa.