Nambari Inayofuata i5

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua na pesa ambayo ingekuwa karo. Nilikuwa nimeacha chuo, nikamwambia mamangu niko na mpango: muziki. Mashine ilikuwa na stika ya i5, na muuzaji kule tao akajipiga kifua: "Hii inakutengenezea albamu nzima, buda." Usiku huo, kwenye bedsita yangu Umoja, nilipofika traki ya sita sauti ikaanza kukwaruza na kukatika, kama redio iliyoishiwa betri. Nikadhani nimeuziwa feki.

Haikuwa feki. Nilikuwa nimenunua jina bila kujua historia yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Clemo wa Calif Records, Nonini na Jua Cali walikuwa wanaijenga genge mtaani California, kompyuta ilikuwa imeshaanza kumeza studio. Fruity Loops, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ilitoka 1997. 2003 ikabadilishwa jina kuwa FL Studio. Ngoma, kinanda na mashine ya kurekodi vikaingia kwenye sanduku moja. Mzigo wote ukaangukia prosesa.

Enzi hizo ulikuwa unauliza spidi tu. Pentium 4 ilianza 2000 na gigahezi 1.4, na namba ikazidi kupanda. Lakini 2004 Intel ikaachana na mpango wa kufikisha 4. Joto lilishakuwa shida. 2005, Intel na AMD wakaleta prosesa za kompyuta za nyumbani zenye viini viwili, yaani mafundi wawili ndani ya chipu moja. Tangu hapo swali moja halitoshi.

Muziki hausubiri. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa ya 256, prosesa ina chini ya milisekunde 6 kumaliza kila fungu. Ikichelewa, unasikia mkwaruzo. Tena traki moja na efekti zake zote kwa kawaida hubebwa na kiini kimoja. Kwa hivyo unahitaji kiini chenye kasi kwanza, halafu viini vingi.

Sasa angalia stika. i5-6300U ya 2015 ina viini viwili. i5-8350U ya 2017 ina vinne. Zote ni i5, zote zimejaa kwenye laptopu za mitumba kule tao. Yangu ilikuwa ya kwanza. Muuzaji hakudanganya, mimi ndiye sikusoma hadi mwisho.

Deskitopu ingenipa nguvu zaidi kwa bei ileile, lakini huku stima ikipotea, rekodi nayo imeenda. Basi nikazoea: bafa ndogo nikirekodi, kubwa nikichanganya sauti, na traki iliyokamilika naigeuza kuwa faili ya sauti ili prosesa ipumue. 2018, Ethic wa hapa Umoja walipotoa "Lamba Lolo" na gengetone ikashika nchi, ilikuwa wazi kwamba mtaa hauhitaji ruhusa ya studio kubwa.

Juzi kijana wa ploti yetu aliniomba nimsindikize tao akanunue mashine. Mamake amechanga miezi saba. Nilimwambia kitu kimoja: kabla hujataja bei, iwashe, usome jina la prosesa lote, hadi herufi ya mwisho.