Historia ya Rangi ya Ndege, Kutoka Bonde la Lwengera

Mashewa imelala katika bonde la Lwengera, wilayani Korogwe, Usambara Magharibi ikiwa upande mmoja na Usambara Mashariki upande wa pili. Ni mahali pa wakulima, na mgeni hawezi kudhani kwamba pana uhusiano wowote na kazi ya kupaka ndege rangi. Lakini historia ya kazi hiyo katika Afrika Mashariki imepita karibu na milima hii zaidi ya mara moja, na mkonge wa Korogwe na Handeni una nafasi katika zana zinazong'arisha metali duniani. Kwa hiyo naianza huku.

Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, na Waingereza wakaleta ndege za kutua majini ili kuisaka. Ndege za siku zile zilikuwa mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa. Mapema mwaka 1915 ndege za aina ya Sopwith zilifika kisiwani Niororo, na joto pamoja na unyevu wa pwani vikazishinda: gundi ikaachia, mbao zikabanduka. Zililetwa nyingine, zikarushwa kutoka Mafia, zikaielekeza mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 ukawa mwisho wa Königsberg. Kwa mwenye kufuatilia ufundi, kisa hiki kina funzo kubwa kuliko lile la mizinga. Ndege iliyotengenezwa kwa hewa ya Ulaya ilikuja kukutana na hewa yetu, ikachakaa kabla adui hajaigusa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kitani, kilichoshonwa juu ya mbavu za bawa na kupakwa dawa iitwayo dopu, yaani selulosi iliyoyeyushwa. Dopu ikikauka hunywea, kitambaa kikakazika kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Fundi hupaka mkono wa kwanza kwa brashi, akasubiri, akapitisha msasa laini, akapaka wa pili, na kuendelea hivyo hadi uso uwe imara. Hapo bado hajamaliza, kwa sababu jua hula kitambaa. Mwanga mkali hukata nyuzi kidogo kidogo, na bawa linaloonekana zima hupasuka kwa kidole. Waingereza walichanganya dopu na unga wa rangi uliozuia mwanga usipenye. Ule wa kawaida waliuita PC10, wenye rangi ya kijani cha udongo, na kwa nchi za joto wakatengeneza PC12, mwekundu zaidi. Baadaye ukaja unga wa alumini, na hiyo ndiyo sababu ndege nyingi za zamani zina rangi ya fedha. Tangu mwanzo, basi, rangi ya ndege ilikuwa kinga. Urembo ulifuata baadaye.

Juni 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilishuka kando ya mto Pangani hadi Korogwe, likaendelea Handeni. Pamoja nalo zilikuwapo ndege za BE2c za kikosi cha 26 cha Waafrika Kusini, mbao na kitambaa kama zile za Rufiji. Mafundi wake walifanya kazi kwenye viwanja vilivyofyekwa porini, katika vumbi na mvua, wakishona viraka na kuvipaka dopu. Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Ya walioshika brashi hayakuandikwa, nami naona hilo ni pengo la kusikitisha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, usafiri wa ndege ukawa biashara. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways huko Nairobi mwaka 1929, kwa ndege ndogo za De Havilland. Mwindaji Denys Finch Hatton naye alikuwa na Gipsy Moth ya manjano aliyoipa jina la Nzige kwa sababu ya rangi yake. Alifariki nayo Voi, Mei 1931. Tarehe 1 Januari 1946 shirika la East African Airways lilianza na Dragon Rapide sita, nazo pia za mbao na kitambaa, na katika njia ya pwani zilitua Tanga, mji wa bandari wa mkonge wetu.

Kisha zikaja DC-3, na kazi ikabadilika kabisa, kwa kuwa sasa uso wa ndege ulikuwa bati la alumini. Bati hilo ni aloi ngumu, lakini huweza kuliwa na kutu, hivyo juu yake huwekwa tabaka jembamba la alumini safi. Mashirika mengi yaliacha tumbo la ndege liking'aa bila rangi, na sehemu ya juu ya abiria yakaipaka nyeupe ili kurudisha joto la jua. Penye chumvi ya bahari, kutu huingia kwenye kichwa cha ribiti au mkwaruzo mdogo, ikatambaa chini ya rangi kwa mistari myembamba kama nyuzi. Rangi juu hubaki nzuri, huku bati likiliwa chini.

Kwenye kung'arisha metali ndipo mkonge unapoingia. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imesalimika safarini, na miaka sabini baadaye Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kabisa duniani. Wengi wetu tunaufahamu kwa kamba na magunia. Lakini uzi wa mkonge hufumwa pia kuwa kitambaa kigumu, kikakatwa duara na kushonwa tabaka juu ya tabaka hadi kuwa gurudumu. Likipakwa dawa ya kusugulia na kuzungushwa na mota, gurudumu hilo hukata mikwaruzo ya chuma na shaba, kisha gurudumu la pamba hufuata kuleta mng'ao. Fundi makini hatalipeleka kwenye ubavu wa ndege, maana litalimaliza lile tabaka la alumini safi. Huko hutumia sufu na dawa laini. Kila zana ina mahali pake, na mpiga rangi hodari hutambulika kwa kile anachokataa kukitumia.

Mwaka 1966 East African Airways ilipata Super VC10 zenye nembo ya simba, na ubavuni herufi za usajili: 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Karakana kubwa ilikuwa Embakasi, Nairobi. Shirika lilipovunjika mwanzoni mwa mwaka 1977, karakana ilibaki upande wa pili wa mpaka. Air Tanzania ilizaliwa Machi mwaka huohuo, twiga akachukua nafasi ya simba. Kuchora twiga ilikuwa kazi nyepesi. Kupata hangari, vifaa na mafundi waliozoea kazi ndiko kulikokuwa kugumu, na nchi imelipa gharama hiyo kwa muda mrefu.

Kazi yenyewe siku hizi haina nafasi ya kubahatisha. Rangi ya zamani huvuliwa kwa dawa au msasa, bati hukaguliwa, huoshwa, hupakwa praima, kisha hupulizwa rangi ya poliyurethani. Praima za kromati huzuia kutu lakini husababisha saratani, na rangi inayopulizwa huweza kumwachia fundi pumu ya maisha; barakoa ya kitambaa haitoshi, inahitajika hewa safi inayoletwa kwa bomba la mpira. Usukani wa mkia ukipakwa rangi lazima upimwe mizani upya, kwani uzito ulioongezeka huweza kuutetemesha angani. Na vile vitundu vidogo vya kupimia hewa huzibwa kwa tepu wakati wa kuosha na kung'arisha. Tarehe 2 Oktoba 1996, karibu na Lima, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka na tepu ikiwa haijabanduliwa. Vipimo vya kimo na mwendo vikadanganya, watu wote 70 wakafa.

Mwaka 2018 Air Tanzania ilipokea Boeing 787, iliyopewa jina la Kilimanjaro. Mwili wake ni nyuzi za kaboni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa gundi ngumu, kwa hiyo baada ya miaka mia tumerudi kwenye nyuzi. Adui ni yuleyule: jua likipenya rangi hushambulia gundi iliyo chini. Qatar Airways na Airbus walifikishana mahakamani London kwa ajili ya rangi iliyobanduka kwenye ndege za A350, hadi wavu wa shaba wa kukingia radi ukaonekana; walipatana Februari 2023.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, sasa kinafundisha matengenezo ya ndege. Vijana wa Korogwe na Handeni wenye mikono ya ufundi waende. Hangari ya rangi inahitaji joto na unyevu vinavyodhibitiwa na hewa inayochujwa mchana na usiku, na Addis Ababa wanayo. Rangi ya ndege hudumu miaka kadhaa tu kabla ya kuvuliwa, na twiga walioko angani leo watahitaji kupakwa upya. Ningependa wapakwe Tanzania, na safari hii majina ya mafundi yaandikwe.