Kulala Nyuma ya Pikapu: Historia ya Chumba Kinachotembea

  Huku Colorado theluji imeanza kuyeyuka barabarani na watu wameanza kutoa vichwa nje kama kobe.

Tangu nitume zile picha za pikapu simu hazikauki. Mama kaniuliza kwa upole kama kodi ya nyumba imenishinda. Mjomba yeye hana upole, kauliza moja kwa moja: "Yaani umevuka bahari ukalale kwenye gari la kubebea mchanga?" Jamani, nyumba ipo na kodi imelipwa. Nalala nyuma ya pikapu kwa kupenda, siku za mapumziko, nikienda milimani. Lakini swali la Mjomba si la kupuuza. Katika nchi hii wapo wanaolala kwenye gari kwa starehe na wapo wanaolala kwenye gari kwa kukosa pa kwenda, na usiku wakiwa wameegesha huwezi kuwatofautisha. Nimesoma historia ya jambo hili, nikaona kwamba vitu vingi vinavyonipa raha humo ndani vilibuniwa kwa ajili ya vibarua, au vilitumiwa kwanza na watu wenye shida. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa leo.

Kwanza mjue lenyewe likoje. Bodi ya pikapu yangu ina urefu wa futi 6 na nusu, yaani kama mita 2. Juu yake nimefunga paa la faibaglasi lenye madirisha, ambalo wenyewe huku wanaliita kofia. Ndani kuna kitanda cha plaiwudi, chini ya kitanda droo mbili ndefu, juu yake godoro la sponji. Kuta na paa nimezipiga povu gumu la kuzuia baridi. Kuna betri, taa, na feni ndogo ya kutoa hewa. Nikishusha geti la nyuma navuta sanduku la jiko: jiko la gesi la pleti mbili, sufuria, vikombe, chumvi, majani ya chai. Mvua inyeshe, upepo uvume, mimi nalala.

Tuanze na hilo sanduku la jiko. Mwaka 1866, mfugaji mmoja wa Texas aitwaye Charles Goodnight alikuwa anajiandaa kuswaga ng'ombe kwenda kuwauza mbali, safari ya wiki nyingi bila duka njiani. Alichukua gari la kukokotwa na wanyama, lililotengenezwa na Studebaker na kutumiwa na jeshi, akafunga kabati la mbao kwa nyuma. Ndani ya kabati kulikuwa na droo za unga, maharage, kahawa na dawa. Mlango wake ulikuwa na bawaba kwa chini, ukiufungua unalala, unashikiliwa na mguu mmoja, unakuwa meza ya kukatia nyama. Ubavuni kulikuwa na pipa la maji. Basi, geti langu la nyuma ninalokatia vitunguu ni meza ile ile ya Goodnight. Na msidhani wachunga ng'ombe wa enzi hizo walikuwa wote kama wale wa kwenye sinema. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865 tu, na miongoni mwa vijana walioswaga ng'ombe wa Texas walikuwemo Weusi wengi waliotoka utumwani, na Wameksiko. Jiko lile liliwalisha wao.

Kitanda nacho kina historia yake. Huyu sasa tunamshukuru mchungaji, na nasema mchungaji wa kondoo wa kweli, siyo wa kanisani. Jirani yetu kwa kaskazini ni jimbo la Wyoming, nchi tambarare ya juu yenye upepo usiochoka, ambako baridi hushuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Mchungaji alikaa huko peke yake miezi na miezi na kondoo zaidi ya elfu. Hema lilikuwa linang'olewa na upepo. Anayetajwa kuwa wa kwanza kumtengenezea chumba cha kutembea nacho ni fundi chuma wa mji wa Rawlins, James Candlish, mwaka 1884.

Angalieni akili ya kile chumba. Ni kidogo, lakini hakuna inchi iliyopotea. Mlango uko mbele, na jiko la chuma liko pale pale mlangoni, bomba la moshi likitokea juu. Kitanda kimelazwa kukingama kwa nyuma kabisa, mbali na upepo wa mlango. Chini ya kitanda kuna meza ya kuvuta na nafasi ya vyakula. Kandokando kuna mabenchi ambayo ndani yake ni masanduku. Paa ni la turubai zaidi ya tabaka moja, ili hewa iliyobanwa katikati izuie baridi. Na mlango wenyewe umekatwa vipande viwili, cha juu unaweza kukifungua peke yake. Yeyote anayepanga kitanda na droo nyuma ya pikapu leo, ajue asijue, anafuata mpango wa mchungaji.

Hicho kipande cha juu cha mlango ndicho somo kubwa kuliko yote. Mgeni akiona baridi anafikiri dawa ni kuziba kila tundu. Kumbe mtu akilala anatoa mvuke kwa pumzi usiku kucha, mvuke ukigusa bati baridi unageuka maji, na asubuhi blanketi limelowa kama limenyeshewa. Mtu aliyelowa kwenye baridi ameumia. Na kubaya zaidi ni jiko. Nyumbani tunazijua habari za watu waliowasha jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wasiamke. Ni hewa ile ile ya sumu, haina harufu wala rangi, na huku inaua watu kwenye mahema na magari kila mwaka. Kwa hiyo povu la kuzuia baridi ni muhimu, lakini tundu la hewa ndilo linalokulinda. Mimi nina feni na kengele ya kutambua ile hewa, na jiko la gesi siliwashi ndani kwa ajili ya kuota moto hata mara moja. Mchungaji alikuwa na mlango wa vipande viwili, na bomba la kupeleka moshi nje.

Sasa gari lenyewe. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T yenye bodi ya kubebea mizigo iliyotoka hivyo kiwandani, kwa dola 281. Kabla ya hapo wakulima walikuwa wanajikatia na kujipigilia wenyewe. Lakini Henry Ford mwenyewe alikwisha kuonja kulala porini. Yeye, Thomas Edison mvumbuzi, Harvey Firestone wa matairi na mwandishi John Burroughs walikuwa wanatoka pamoja kupiga kambi. Safari yao ya mwaka 1919 ilikuwa na msafara wa magari kama 50, likiwemo gari la jiko lenye sehemu ya barafu ya kutunzia vyakula, na mpishi wake. Mahema yao yalikuwa na taa za umeme. Magazeti yakaandika, watu wa kawaida wakatamani. Kulala nje kukawa starehe ya mwenye gari.

Haikupita miaka mingi, magari hayo hayo yakageuka nyumba za wenye dhiki. Miaka ya 1930 uchumi ulianguka, na katika majimbo ya katikati ukame na upepo vikaibeba ardhi yenyewe. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifunika mchana ukawa giza. Familia zilipakia godoro, masufuria, bibi na kuku kwenye gari bovu, zikafunika turubai, zikaelekea California. Huko hawakupokelewa. Mwezi Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alipeleka askari 136 mpaka kwenye mipaka ya jimbo kuwarudisha walioonekana hawana fedha. Raia wa nchi moja, wanazuiwa kuingia jimbo la nchi yao!

Na hapa kuna kesi ambayo mtu wa kwetu ataielewa kuliko Mmarekani. Mwishoni mwa mwaka 1939 bwana mmoja wa California, Fred Edwards, aliendesha gari mpaka Texas kumchukua shemeji yake, Frank Duncan, ndugu wa mkewe, ambaye hakuwa na kazi. Alipofika naye, Edwards alishtakiwa kwa kosa la kuingiza maskini ndani ya jimbo, akahukumiwa kifungo cha miezi 6, ingawa hakupelekwa gerezani mara moja. Fikirini, kwetu asiyemchukua shemeji ndiye angeshtakiwa! Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Novemba 1941 majaji wote wakasema sheria hiyo haifai: umaskini peke yake hauwezi kumfungia mtu barabara.

Lakini kwa mtu mwenye rangi yangu barabara ilibaki nusu imefungwa. Mtu Mweusi wakati huo angeweza kuwa na gari zuri na fedha mfukoni, akafika usiku hotelini akaambiwa hapana. Wengi walilala ndani ya magari yao wakiwa na uwezo wa kulipa. Walibeba chakula, maji, blanketi na mafuta ya akiba, kwa sababu hawakujua ni wapi watauziwa. Mwaka 1936 tarishi wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichoonyesha hoteli, migahawa na nyumba za watu walizoweza kupokelewa. Hata hifadhi za taifa zilikuwa na ubaguzi. Katika hifadhi ya Shenandoah, Virginia, mwaka 1939 palifunguliwa sehemu iitwayo Lewis Mountain kwa ajili ya wageni Weusi peke yao, na ubaguzi katika hifadhi hiyo haukuisha kabisa mpaka mwaka 1950. Sheria ya kuzuia hoteli kubagua ilitiwa saini tarehe 2 Julai 1964. Nikiegesha leo hifadhini, mlinzi akanikaribisha na kunionyesha maji yalipo, najua kwamba kuna watu wa umri wa Bibi waliokuwa hawawezi.

Tazameni sasa mwandishi John Steinbeck. Mwaka 1939 alitoa riwaya yake maarufu juu ya familia iliyokimbia vumbi na vitu vyote vikiwa juu ya gari. Mwaka 1960, akiwa mtu mwenye jina, alinunua pikapu mpya ya GMC yenye chumba juu ya bodi, ndani kitanda, jiko, friji na kipasha joto, akazunguka Marekani na mbwa wake. Gari akaliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote, na kitabu cha safari hiyo kikatoka mwaka 1962. Pikapu yenyewe bado ipo, katika jumba la makumbusho la Salinas, California. Baada ya vita vya pili fedha ziliongezeka, plaiwudi isiyobanduka kwa maji ikapatikana kirahisi, na mafundi wengi wakaanza kutengeneza vyumba kama hicho. Kile kilichokuwa dhiki mwaka 1939 kikawa likizo mwaka 1960, mwandishi yule yule akivishuhudia vyote viwili.

Siku hizi vifaa vimezidi kuwa vizuri. Taa za LED hazili umeme mwingi, sola ya juu ya paa inajaza betri, friji ndogo inagandisha nyama jangwani. Lakini ile dhiki haijaondoka. Hesabu iliyofanywa usiku mmoja wa Januari 2024 ilikuta watu 771,480 nchi nzima hawana makazi, wakiwemo wanaolala kwenye magari. Na tarehe 28 Juni mwaka huo huo Mahakama ya Juu iliamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata kama hawana pengine pa kulala. Nikilinganisha na uamuzi wa mwaka 1941, naona barabara iko wazi, ila pa kuegesha ndipo penye ugomvi.

Na wachungaji wa Wyoming bado wapo. Wengi wao leo wanatoka Peru, kwa mikataba ya kazi, na wapo wanaolala kwenye vyumba vya magurudumu vyenye kitanda nyuma na jiko mlangoni. Hao ndio wenzetu hasa: wameacha watoto nyumbani, wanatuma fedha, na baridi inawapiga. Mimi Jumapili jioni nazima taa, nakunja godoro, narudi. Wao msimu ndiyo kwanza unaanza.

Haya, mkono umechoka na kesho ni kazini. Wasalimieni wote, na Mjomba mwambieni mchanga sijabeba bado. Panapo majaliwa tutaonana.