Nasua, Mwenzangu, Usizidue

Atlabara, hapa Juba, ni mtaa uliopewa amri badala ya jina. Kwa Kiarabu cha Juba *atla* ni toka, *bara* ni nje. Toka nje! Hiyo bara si mgeni kwetu: ni binamu ya bara tunayoitenga na visiwa, zote uzao wa *barr* ya Kiarabu, nchi kavu. Atla naye ni ndugu wa mtalaa. Mtaani humu ndimo ninamowaza neno la mkemia anayeiamuru sumu ya magugu itoke udongoni, nayo haitoki.

Tuanze na sumu yenyewe. Dukani ni "dawa ya magugu", na hakuna mkulima anayedhani magugu yanatibiwa; tumezoea dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya kikohozi. Neno zuri la dukani, bovu la maabara. Kiuatilifu nacho ni kipana mno, kinaua kila mharibifu, ndiyo maana Tanzania imekipa mamlaka nzima ya afya ya mimea na viuatilifu. Mimi nachagua kiuagugu, bila "ma", kama kiuadudu kilivyoitupa "wa" yake.

Kinachosalia je? Mabaki yananinukia msiba: mabaki ya mwili, mabaki ya ndege iliyoanguka. Masazo yanahitaji mtu aliyesaza. Masalia ni kilichokaa chenyewe, kama ukoko chunguni. Basi masalia.

Na vitundu vidogo yanamojificha? Vinyweleo vya jiwe vilinichekesha zamani. Jiwe lina nywele? Kisha nikautazama mtungi wa maji wa hapa, unaoitwa zir, ukitoka jasho kivulini na kupoza maji yake. Chenye jasho kina haki ya vinyweleo. Nimenyamaza.

Utamu uko kwenye kushikwa. Vitabu vingi vinasema udongo "unafyonza" kiuagugu, kana kwamba ni sifongo. Hapana. Tazama viuagugu vitatu: glaifosati hunata juu ya oksidi za chuma, kama ndege kwenye ulimbo. Parakwati huingia katikati ya matabaka ya udongo wa mfinyanzi na kunasa, kama panya mtegoni. Lakini 2,4-D, ile ambayo Sudan ililinyunyizia gugumaji la Nile Nyeupe kwa miaka mingi, hushikwa kidogo tu, mvua huiondoa. Kunata, kunasa, kupita: vitenzi vitatu, tabia tatu, na "kufyonza" kunazifuta zote.

Sasa amri ya Atlabara. Istilahi rasmi ya kutoa kitu ndani ya kitu ni kuzidua. Lakini uziduaji umekwisha kuchukuliwa na wachimbaji: mwaka 2015 Tanzania ilitunga sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, yaani madini, mafuta na gesi. Ukisema umezidua udongo, msikilizaji ataulizia dhahabu. Tena sikio langu husikia "zidi" ndani yake, ilhali sisi tunapunguza.

Kiswahili kina kiambishi kinachotangua tendo: funga na fungua, bandika na bandua, ganda na gandua. Vivyo hivyo nasa na nasua! Neno lipo tayari, la wategaji. (Angalieni mzaha wa lugha: kiuagugu kina "ua" inayoua, nasua ina "ua" inayofungua.) Anayechemsha udongo kwa saa kadhaa katika asidi kali ya salfa ili parakwati iachie, huyo ananasua. Kazi yake ni unasuaji. Kuitoa 2,4-D kuitwe kusuuza, kuitoa glaifosati kubandua.

Kupima sina ugomvi nako, ila kunabeba mizigo miwili. Tubaini kwanza kama masalia yapo, ndipo tupime ni miligramu ngapi kwa kilo ya udongo.

Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na Kiswahili kinaingia Juba pamoja na malori. Mwenye neno linaloshinda kunasua alilete sasa, kabla mwalimu wa kemia hajaandika "kuekstrakti" ubaoni.