Masista Walimlea Mke wa Luther

Wazazi hapa Endabash huniuliza: "Mchungaji, binti akisoma kwa masista, si atarudi akiwa Mkatoliki?"

Tukumbuke historia. Katharina von Bora alipelekwa akiwa mtoto kulelewa na masista huko Brehna, Ujerumani. Katika maisha ya utawa alijifunza kusoma, kusali kwa saa zilizopangwa na kufanya kazi. Mwaka 1525 aliolewa na Martin Luther, na nyumba yao iliyojaa wanafunzi na wageni ilisimama kwa mikono yake.

Kwetu Tanzania, masista wa Maryknoll walifungua shule ya wasichana Morogoro miaka ya 1950. Leo ni Kilakala. Gertrude Mongella alitoka Ukerewe akiwa na miaka 12 kwenda kusoma huko. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake, Beijing.

Kengele ya alfajiri, zamu ya kufagia, ukimya wa kujisomea usiku: hayo hayana dhehebu. Mimi namhofia zaidi binti anayebakizwa nyumbani na kuozwa mapema. Mpelekeni. Ila kwanza mfundisheni Katekisimo Ndogo, ili asimame katika imani yake huku akiwaheshimu wanaomlea.