Fahali Aliyekataa Kupigana

Mpwa wangu ana miaka sita, na kila akija kulala kwangu hunidai hadithi kama mtu anayedai deni. Mama yake na mimi hatujazungumza vizuri tangu tulipogombania kiwanja alichokiacha baba. Mtoto ndiye anayekwenda na kurudi kati yetu, na begi lake mgongoni.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Nikawasha tochi ya simu, nikamsomea kitabu chembamba cha picha nilichokinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa natafsiri papo kwa papo. Kinamhusu Ferdinand, fahali wa Hispania. Wenzake wanapigana pembe kutwa wakitamani kuchaguliwa kwenda uwanjani Madrid, yeye anakaa chini ya mti ananusa maua. Siku moja anamkalia nyuki, anaruka kwa maumivu, na watu wanadhani wamepata fahali mkali kuliko wote. Wanampeleka uwanjani. Anaketi katikati, ananusa maua yaliyo kwenye nywele za akina mama, basi. Wanamrudisha kwao.

"Mjomba, kwa nini hakupigana?"

Nilikosa jibu. Katika hadithi nilizolelewa nazo, sungura hushinda kwa ujanja na Abunuwasi hushinda kwa maneno. Mtu wa kuketi tu sikuwahi kukutana naye. Na wazee wetu walishasema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mtoto akapitiwa na usingizi, mimi nikabaki macho. Siku zilizofuata nikaanza kufuatilia kitabu hicho kimepita wapi.

Kiliandikwa na Mmarekani, Munro Leaf, kikachorwa na Robert Lawson, kikatoka mwaka 1936, miezi michache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza Hispania. Utawala wa Franco ulikipiga marufuku. Ujerumani ya Hitler nayo haikukitaka. Nilishangaa: serikali zenye vifaru na ndege zinamwogopa fahali wa kwenye picha? Lakini mtu aliyenifanya nikiheshimu kweli kitabu hicho ni mwanamke aitwaye Jella Lepman.

Alizaliwa Stuttgart mwaka 1891, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mwandishi wa habari, na mjane mwenye watoto wawili. Wanazi waliposhika madaraka alipoteza kazi, na baadaye akakimbilia Uingereza pamoja na wanawe. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, jeshi la Marekani lilimwomba arudi Ujerumani awe mshauri wa mambo ya wanawake na vijana. Hebu jiweke mahali pake. Nchi iliyokufukuza, iliyowaua watu wako kwa mamilioni, sasa imelala kifusi, nawe unaombwa uwahudumie watoto wake. Alisita. Kilichompa nguvu ni kwamba watoto wale hawakuchagua chochote katika yaliyotokea.

Alikuta watoto wakiishi kwenye magofu, wengine yatima. Walihitaji mkate, viatu na makaa ya mawe. Yeye akaongeza ombi moja lililowashangaza maofisa: vitabu. Vilivyobaki nchini vilikuwa vimejaa sumu ya miaka 12 ya Unazi, na fedha za kununulia vingine hazikuwepo. Akaandika barua kwa nchi 20, nyingi zikiwa adui wa jana, akiomba kila moja itume vitabu bora vya watoto wake.

Nchi zikakubali, isipokuwa Ubelgiji. Ubelgiji ilijibu kwamba imeshavamiwa na Wajerumani mara mbili, haiwezi. Nani angewalaumu? Lepman hakubishana nao kuhusu uchungu wao. Aliandika tena, akiwaambia kwamba sababu hiyohiyo ndiyo inayowapasa kutuma: kama hawataki kuvamiwa mara ya tatu, waanze na watoto. Vitabu vikaja.

Julai 1946 vilionyeshwa mjini Munich, katika Haus der Kunst, jumba ambalo Hitler mwenyewe alilifungua mwaka 1937 ili litukuze sanaa ya utawala wake. Watoto waliingia kutazama picha, na watu wazima wakaingia pia. Kwa miaka mingi hawakuwa wameruhusiwa kuona jinsi mataifa mengine yanavyozungumza na watoto wao.

Maonyesho yalipokwenda Berlin, Krismasi ikikaribia, Lepman alitaka watoto waondoke na kitu mkononi. Akamchagua Ferdinand. Alimtafsiri mwenyewe kwa Kijerumani, na nakala 30,000 zikachapwa kwenye karatasi ya magazeti. Katika mji uliokuwa umefundisha watoto kufa vitani, zawadi ilikuwa fahali asiyetaka kupigana.

Mwaka 1949 alifungua Munich maktaba ya kimataifa ya vijana, ambayo ipo hadi leo. Ndiye pia aliyempa wazo la hadithi Erich Kästner, mwandishi ambaye mwaka 1933 alisimama Berlin akitazama vitabu vyake vya watu wazima vikichomwa moto. Kästner akaandika kisa cha wanyama waliochoshwa na mikutano ya wanadamu isiyoleta amani, wakaitisha mkutano wao. Walipoona wakubwa hawasikii, waliwaficha watoto wote mpaka mkataba uliposainiwa.

Tunapenda kusema kwamba mtu mzima hurudi kwenye vitabu vya watoto ili apumzike. Lepman hakupumzika. Alikuwa na miaka 54 aliporudi, na katika vitabu hivyo alipata jambo la kufanya siku ambayo siasa na sheria hazikuwa na neno la kumwambia mtoto. Kitabu cha mtoto hakina nafasi ya kueleza nani alianza, nani alivamia mwaka gani, nani ana hati. Kina kurasa chache, na swali linakufikia likiwa zima.

Yale ya kwetu ni kiwanja tu, si vita. Naona aibu hata kuyataja karibu na magofu ya Berlin. Lakini nilikuwa nimeshahesabu makosa ya dada yangu kwa mpangilio, kama mtu anayejiandaa kwenda baraza la ardhi.

Jumapili, kabla mpwa wangu hajarudi kwao, niliketi na penseli nikaandika Kiswahili chini ya kila picha, kwa herufi kubwa, ili mama yake aweze kumsomea bila kuhangaika na tafsiri. Ukurasa wa mwisho una nafasi tupu. Nilifikiria kuandika salamu, nikaandika: "Dada, mwanao ameniuliza kwa nini hakupigana. Nisaidie kumjibu."

Nikakitia kwenye begi, katikati ya nguo.