Demani kwa Mnyama

Nilipewa orodha ya mavazi na vifaa vya kuwindia kondoo mwitu, wale wenye pembe zilizojiviringa wanaoishi kwenye majabali ya jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Mexico. Kazi yangu ilikuwa kuitia Kiswahili. Siku mbili nilikaa na kamusi. Ya tatu nikapanda basi kwenda Kilwa, maana maneno nilikuwa nayo tele lakini sikujua yanavyovaliwa.

Kilwa haina jangwa wala kondoo mwitu. Ila ukiiacha pwani ya matumbawe ukashika njia ya Njinjo kuelekea Liwale, unaingia kwenye miombo, na kiangazi majani yakishapukutika huko hakuna hatua isiyo na sauti. Mzee niliyeelekezwa kwake aliwahi kuwafuatia nyayo wawindaji wenye vibali. Nikampa shikamoo yake, nikamsomea mstari wa kwanza: nguo ifaayo kuwindia.

"Kuwinda vipi, mwanangu?" akauliza. "Anatega, anaotea au ananyatia?"

Mimi nilikuja na kitenzi kimoja, yeye anavyo vitatu, na kila kimoja kina nguo yake. Anayetega huweka kitanzi akaenda zake nyumbani. Kavaa nini si hoja. Anayeotea hukaa penye maji akangoja, kwa hiyo nzito au nyepesi, yote sawa. Anayenyatia ndiye mwenye kazi. Mzee akashika mkono wa koti langu la nailoni, akaukwaruza kwa ukucha. "Keshakimbia," akasema. Katika tafsiri yangu nilikuwa nimetumia maneno saba kueleza nguo isiyotoa sauti ikigusana na kichaka. Nikayafuta yote, nikaandika: kitambaa kisichochakarika.

Tukaja kwenye rangi. Orodha ilitaka mabakamabaka. Neno tunalo na ni zuri, lakini Tanzania sheria inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo, na mtafsiri anayeliandika bila kulionya hilo atamponza msomaji. Bora kaki. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, likapitia India kwenye sare za jeshi la Waingereza karne ya 19. Kwetu limeshakuwa suruali za shule na bahasha za ofisini, tukasahau kwamba tangu mwanzo lilikuwa jina la kujificha: mtu avae rangi ya ardhi anayoikanyaga. Buluu na nyeusi mzee alizikataa katakata kwa sababu ya mbung'o. Yuko sahihi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, kwa kuwa ndizo zinazowavuta. Kwa hiyo kaniki, pamoja na heshima yake yote, haifai porini Liwale.

Kuhusu kitambaa chenyewe, orodha ilisisitiza sufu kuliko pamba, kwani pamba ikilowa jasho hukaa na maji, na usiku wa jangwani una baridi kali. Hapa nawasihi wahariri wawe macho. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi hutoka kwenye tunda la msufi, nayo kazi yake ni kujaza mito na magodoro. Irabu moja tu inayatenganisha.

Miguuni nilitamani sana kuandika katambuga. Sijui jina la kiatu linalonipendeza kuliko hilo. Kukata mbuga ni kushika safari ndefu, na viatu hivi vya tairi vikabebeshwa usemi mzima. Mzee alinionyesha zake: soli imelika upande wa kisigino, gidamu imebadilishwa mara mbili kwa mpira wa baiskeli. Lakini kwenye majabali kifundo cha mguu kinataka kushikwa, na katambuga haishiki kitu juu ya wayo. Nikaandika buti, kwa shingo upande.

Furaha yangu kubwa ilikuwa kiriba. Orodha ilieleza mfuko laini wa maji unaobebwa mgongoni ndani ya shanta, wenye mpira wa kunyonyea. Watu wameanza kuuita kwa majina ya kukopa. Kumbe mababu walisafiri na maji ndani ya ngozi ya mbuzi iliyoshonwa, na jina lake ni kiriba. Leo wengi tunalikuta ndani ya kiribatumbo tu, kwenye habari za afya. Mfuko umekuwa wa plastiki, kazi ni ileile, na neno liko hai. Kwa nini tuukopee jina jipya?

Palibaki jambo moja lililonishinda. Mwindaji lazima akae pale ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake, harufu yake isimtangulie. Mzee hupima kwa majivu aliyoyafunga kwenye kitambaa chepesi: hukitikisa, akatazama vumbi linaelekea wapi. Nikamuuliza jina la upande huo. Akasema, "Upande mzuri." Kwake yatosha, kwa istilahi hapana.

Jibu nililipata Kilwa Kivinje, kwa nahodha aliyekuwa anashona tanga. Chomboni, upande unakotoka upepo ni joshini, na unakoelekea ni demani. Nikamweleza habari za mnyama na mtu anayenyatia. Akaiacha sindano kwenye tanga, akachora jahazi mchangani, pembeni yake akatia nukta. "Mnyama wako ndiye chombo," akasema. "Yeye yuko joshini. Wewe kaa demani kwake, wala usivuke mbele ya omo."

Nikamwomba arudie polepole, nikaandika.